Mandhari ya misheni za DCS: misheni mama, kiolezo au skripti?

Kupanga kambi moja ya helikopta kwenye DCS World (mchezo wa kompyuta unaoigiza urushaji wa ndege na helikopta za kivita), yenye helipedi, mahema, matangi ya mafuta na malori yaliyoegeshwa, kunakula jioni nzima. Anayeijenga upya kwa kila misheni ataishia kupanga mahema zaidi ya kuruka. Dawa ni kuijenga mara moja na kuitumia tena na tena. Kinachowakwamisha wengi ni namna ya kuihifadhi, maana kihariri cha misheni kina njia zaidi ya moja na hakikuambii ipi inafaa wapi.

Hapa tunalinganisha njia tatu: misheni mama, yaani faili la .miz unalolinakili, kiolezo cha vitu tuli (vitu visivyosonga), yaani faili la .stm, na skripti ya Lua, lugha ya programu inayotumiwa na DCS. Mfano wetu ni mmoja kwa zote, kambi karibu na Nalchik kwenye ramani ya Caucasus. Ramani hiyo ni ya bure, kama ilivyo Marianas, na mtu wa Mbeya au Njombe hapati shida kuizoea, kwa kuwa ina milima, mabonde na viwanja vilivyobanwa na vilima. Ila anayetaka hewa nyepesi kama ya Songwe, uwanja ulio zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, hataipata Nalchik, ambako ni mita 430 tu. Huyo aende Groom Lake kwenye ramani ya Nevada, ajue tu kwamba hiyo inalipiwa.

Kambi yetu ina FARP moja (kituo cha mbele cha kujaza helikopta mafuta na silaha) yenye helipedi nne, mahema 6, ghala la mafuta 1, ghala la silaha 1, handaki la amri 1, makontena 8, malori tuli 5, na magari hai 4: la mafuta, la silaha, la umeme na la mawasiliano. Jumla ni vitu 27.

Vigezo

Kabla ya kuchagua, jiulize nini kitabadilika kutoka misheni moja hadi nyingine. Ni hadithi tu, ni mahali kambi ilipo, au ni ramani nzima? Jibu la swali hilo peke yake linaondoa njia moja au mbili.

Baada ya hapo yanabaki maswali matano. Je, mandhari inaweza kuhamishwa na kugeuzwa? Inabeba nini zaidi ya vitu vyenyewe, mfano trigga (amri zinazotekelezwa sharti fulani likitimia), masafa ya redio na akiba ya ghala? Ukirekebisha kosa leo, misheni za zamani nazo zinarekebika? Ni rahisi kumtumia mwenzako? Na ikiharibika, utaliona kosa kwenye kihariri au utaligundua ukiwa hewani?

Kigezo ambacho watu hukitaja sana ila hakitofautishi njia hizi ni uzito kwa mashine. Vitu 27 ni vitu 27, viwe vimetoka kwenye .stm au kwenye Lua. Kinachoichosha kompyuta ni idadi ya magari hai, kwa sababu kila moja lina akili bandia inayotazama na kufikiri. Lori la kupamba liwe kitu tuli.

Misheni mama

Unajenga kila kitu kwenye misheni moja, unaihifadhi kwa jina kama MAMA_CAU_Nalchik_v03.miz, kisha kila misheni mpya unaifungua hiyo na kuihifadhi kwa jina jingine. Hakuna cha kujifunza hapo.

Nguvu yake ni kwamba inabeba kila kitu: hali ya hewa, trigga, nafasi za wachezaji, masafa ya FARP na akiba ya mafuta na silaha. Kwa mfululizo wa misheni kumi zinazoanzia kambi ileile, hakuna njia inayoishinda.

Kuhamisha ndiko kunakoiangusha. Unaweza kuchagua vitu vingi kwa pamoja na kuvisogeza, lakini trigga na maeneo yake yamefungwa kwenye mahali pa zamani, na utajikuta unakagua kimoja kimoja. Pia huwezi kuunganisha misheni mama mbili: ukiwa na moja ya kambi na nyingine ya bandari, huna njia ya kuzimiminia kwenye chungu kimoja.

Marekebisho nayo hayashuki kwa watoto. Hema likikaa juu ya njia ya malori na tayari una misheni nane zilizozaliwa, utafungua zote nane.

Ajali kubwa ni kuihifadhi misheni mpya juu ya mama yake. Ni kosa la usiku wa manane na halina tiba kama huna nakala. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake kwenye Windows, uweke alama ya kusomwa tu. Nakala ya pili iwe kwenye flashi.

Kumtumia mwenzako ni rahisi: faili moja, limekwisha. Likiwa na sauti na picha za maelezo linakuwa zito, na likitumia ramani ya kulipia ambayo mwenzako hana, halitamfaa. Misheni ya Syria haimsaidii mtu wa Iringa mwenye Caucasus na Marianas tu.

Inamfaa anayeanza, na anayetunga mfululizo wenye makao yasiyohama.

Kiolezo cha vitu tuli

Hiki kimetengenezwa mahsusi kwa kazi hii, na utaratibu wake ukifuatwa sawasawa hakisumbui.

Anza na misheni mpya tupu ya Caucasus. Panga nchi kwenye pande za Bluu na Nyekundu kama utakavyozitumia baadaye. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoleta matatizo. Weka vitu 27, usiongeze ndege wala kitu cha majaribio, kwa sababu kiolezo huchukua kilichopo kwenye ramani, si ulichokigusa mwisho. Kisha nenda menyu ya Edit, Save Static Template, andika jina na maelezo mafupi. Faili linaingia Saved Games\DCS\StaticTemplate. Kwenye misheni unayotaka kuipamba, nenda Edit, Load Static Template, ulichague. Vitu vinajiongeza juu ya vilivyokuwepo, havifuti kitu. Kwa hiyo unaweza kupakia kambi, kisha bandari, kisha kituo cha rada, vyote kwenye misheni moja. Hapo ndipo kiolezo kinapoiacha misheni mama mbali.

Kuhamisha: vitu vinatua kwenye viwianishi vilevile ulivyojengea. Kambi ya Nalchik itatua Nalchik. Baada ya kuipakia unaweza kuisogeza kwa kuchagua vitu kwa pamoja, lakini ukifanya hivyo kila mara, ujue umechagua njia isiyokufaa.

Kubadilisha ramani: sahau. Kila ramani ina sifuri yake, na namba zinazomaanisha Nalchik kwenye Caucasus hazimaanishi kitu cha maana kwenye Marianas. Wapo wanaofungua faili na kubadili jina la ramani kwa mkono. Huishia na mahema baharini.

Kinachobebwa: vitu na mielekeo yake. Trigga hazibebwi. Kila baada ya kupakia fanya ukaguzi wa dakika tano. Hesabu vitu, viwe 27. Fungua FARP utazame masafa: FARP mpya huja na 127.5, na ukiwa na mbili zenye masafa hayo hutajua ni ipi unaongea nayo. Fungua ghala lake uhakikishe mafuta na silaha. Angalia kwamba magari hai manne yako upande ule ule wa FARP na yako karibu. Ukiyaweka ndani ya mita 100 hutapata tabu ya helikopta iliyokaa helipedi ikiomba mafuta na kunyimwa.

Kosa jingine la mara kwa mara ni kupakia mara mbili. Hema linakaa juu ya hema, kwenye ramani linaonekana moja, lakini ndani ya mchezo kuta zinametameta kama taa mbovu. Ukiona mmeto huo usilaumu kadi ya picha. Hesabu vitu kwanza.

Marekebisho: hapa kiolezo hakina tofauti na misheni mama. Kikishapakiwa, vitu vimekuwa vya misheni ile, na kukibadilisha kiolezo hakuigusi. Ndiyo maana namba ya toleo kwenye jina la faili ina faida: FARP_CAU_Nalchik_v03.stm, na kwenye maelezo ya misheni andika umetumia toleo gani.

Kushirikishana ndiko kiolezo kinakong'ara. Ni maandishi matupu, uzito wake unahesabiwa kwa kilobaiti. Utalituma WhatsApp kama dokumenti na bando halitashtuka. Mpokeaji analiweka kwenye folda ile ile na kulipakia. Kama kambi ina vitu vya modi (nyongeza zisizo sehemu ya mchezo wenyewe), mwambie kabla, kwa sababu asiye na modi hiyo atapata mapengo au misheni itamgomea.

Kinamfaa anayejenga mahali halisi pa kudumu, mfano uwanja wa ndege au bandari, ambapo jengo linatakiwa kukaa pale pale kila mara.

Skripti ya Lua

Kwenye skripti kambi huandikwa kama orodha ya umbali kutoka sehemu moja, tuiite kitovu. Kila kitu kina namba tatu: mita ngapi mbele ya kitovu, mita ngapi kulia, na kinatazama wapi. Misheni ikianza, skripti inasoma kitovu kiko wapi, inapiga hesabu, na inavizalisha vitu kwa amri ya coalition.addStaticObject.

Umbali unaupata hivi: jenga kambi kwenye kihariri kama kawaida, hifadhi, kisha fungua faili la .miz kwa 7-Zip, maana ni zipu ya kawaida. Ndani kuna faili liitwalo mission, ni maandishi ya Lua, na kila kitu kina x na y yake. Toa x na y za kitovu, umepata umbali, mradi kambi uliijenga ikitazama kaskazini.

Hesabu ya kugeuza ni hii, m ikiwa mwelekeo wa kambi:

x = x ya kitovu + mbele × cos m − kulia × sin m
y = y ya kitovu + mbele × sin m + kulia × cos m

Chukua hema lililo mita 30 mbele na mita 40 kulia, kambi ikitazama mashariki, nyuzi 90. Cos ni 0, sin ni 1. Kwa hiyo x inapungua 40 na y inaongezeka 30: hema linakaa mita 40 kusini na mita 30 mashariki ya kitovu. Ukisimama pale ukatazama mashariki, kusini iko mkono wako wa kulia, sawa kabisa.

Mitego iko mitatu, na karibu kila anayeanza hunaswa na mmojawapo.

Wa kwanza ni mhimili. Kwenye DCS x huongezeka kuelekea kaskazini na y kuelekea mashariki. Aliyezoea grafu za sekondari, x kulia na y juu, atapata kambi iliyogeuka kama kwenye kioo.

Wa pili ni nyuzi na radiani. Kihariri kinakuonyesha nyuzi, lakini skripti inataka radiani. Nyuzi 90 ni 1.5708. Ukiandika 90 kavu, hakuna kosa litakalotangazwa. Hema litatazama takriban nyuzi 117 na utakaa unashangaa kwa nini kambi nzima imepinda kidogo.

Wa tatu ndio mbaya zaidi. Njia nzuri ya kuweka kitovu ni kuchora eneo la trigga kwenye kihariri, ulipe jina kama kambi_1, na skripti ilisome kwa trigger.misc.getZone. Jibu linalorudi ni la pande tatu: x ni kaskazini, z ni mashariki, na y ni kimo. Ukichukua y ukidhani ni mashariki, kwa Nalchik utakuwa umeweka namba ndogo ya kimo mahali pa namba inayozidi 700,000. Kambi itazaliwa zaidi ya kilomita 700 magharibi, na wewe utakuwa unaitafuta kwenye uwanja mtupu.

Ukiivuka mitego hiyo, faida ni kubwa. Kuhamisha kambi ni kuburuta duara la eneo hilo la trigga. Kuigeuza ni kubadili namba moja. Kuipeleka Marianas hakuhitaji kugusa orodha. Ukitaka kambi tatu zinazofanana, weka maduara matatu, ila kila kitu kipewe jina lake la pekee, mfano kwa kuunganisha jina la eneo na namba, kwa sababu majina yakigongana kambi ya pili itaharibu ya kwanza.

Hasara ya wazi ni kwamba kwenye kihariri huoni kitu. Unaona duara tu. Mahema utayaona baada ya kuanzisha misheni. Kosa la herufi moja kwenye aina ya kitu linatosha kukinyima kuzaliwa. Fungua Saved Games\DCS\Logs\dcs.log, shuka chini, tafuta jina la skripti yako. Ukiona neno nil, yaani "hakuna kitu", mara nyingi umelitaja jina ambalo kwenye misheni halipo, au limeandikwa tofauti.

FARP yenyewe ibaki kwenye kihariri. Helikopta ya mchezaji inayoanzia kwenye helipedi inahitaji FARP iwepo wakati unaiweka, na ghala lake unalipanga hapo hapo. Magari hai manne nayo yawekwe kwa mkono, kwa sababu amri hii ni ya vitu tuli. Skripti ishughulike na mahema, makontena na malori ya kupamba.

Marekebisho yana utata wake. Ukitumia trigga ya DO SCRIPT FILE, kihariri kinanakili faili la Lua na kulifungia ndani ya .miz. Ukihariri faili lako kwenye diski baadaye, misheni inaendelea na nakala ya zamani mpaka ulichague upya. Watu hupoteza saa nzima wakirekebisha faili ambalo misheni hailisomi. Wakati wa majaribio tumia DO SCRIPT yenye loadfile na njia kamili ya faili kwenye diski. Kila ukianzisha misheni inasoma toleo jipya. Kwa seva yenu wenyewe unaweza kuiacha hivyo, ukirekebisha mara moja misheni zote zinafuata. Kabla ya kumtumia mtu mwingine rudisha DO SCRIPT FILE, la sivyo kwake mahema hayatatokea.

Asiyetaka kuandika hesabu mwenyewe atumie MIST au MOOSE, maktaba za bure za Lua zenye amri za kuzalisha vitu. Maktaba ipakiwe kwanza, skripti yako ifuate sekunde chache baadaye.

Inamfaa mwenye kiu ya misheni zinazobadilika, anayeendesha seva, au anayecheza ramani zaidi ya moja na hataki kujenga mara mbili.

Njia ndogo ya nne

Kihariri kina pia violezo vya vikundi vya magari ya ardhini. Kikundi kinawekwa popote na mpangilio wake haupotei. Kwa kituo cha makombora ya kutungua ndege kinatosha, usihangaike na Lua. Mahema na makontena hakichukui.

Mteremko na miti haviangalii njia

Faili la misheni halihifadhi kimo cha kitu tuli, linahifadhi x na y tu. Kitu kinakaa juu ya ardhi iliyopo. Kambi iliyojengwa kwenye tambarare ikihamishiwa mteremkoni, kontena litaning'inia upande mmoja na kuzama upande mwingine, kama nyumba ya Rungwe iliyojengwa bila kukata tuta. FARP, kwa ukubwa wake, ndiyo inayoaibika zaidi. Kabla ya kuweka kitovu pitisha kipanya pande nne za eneo usome kimo chini ya skrini; tofauti ikizidi mita 2 au 3 kwa upana wa kambi, tafuta mahali pengine. Hili linawahusu sana wa skripti, kwa sababu wao ndio wanaohama.

Miti nayo: misitu ya Caucasus ni minene na mti haupishi hema. Kuna kitendo cha trigga cha kuondoa vitu vya ramani ndani ya eneo, SCENERY REMOVE OBJECTS ZONE, ambacho unaweza kukiagiza kiondoe miti peke yake. Misheni mama inakibeba. Ukitumia kiolezo itabidi ukitengeneze upya, basi liandike hilo kwenye maelezo ya faili.

Uchague ipi

Kama ndiyo kwanza unafungua kihariri na una hadithi moja kichwani, anza na misheni mama. Ukishafika ya tatu au ya nne na kujikuta unafuta zaidi ya unavyoongeza, toa vitu tuli uvifanye kiolezo.

Kama mko watano, wawili Mbeya, mmoja Makambako, wawili Iringa, na mnagawana kazi, tumieni violezo. Mmoja anajenga uwanja, mwingine bandari, wa tatu daraja na barabara, na mkusanyaji anavipakia vyote kwenye misheni moja. Kubalianeni mapema nchi zipi ziko upande gani, na kila mmoja aanze majina ya vitu vyake na herufi zake.

Kama una seva na unataka kambi ya adui itokee mahali tofauti kila wiki, jifunze Lua. Kadiria jioni tatu hadi nne kwa kambi ya kwanza. Ya pili utaitoa kwa saa moja.

Kama umeme wa mtaani kwenu una tabia ya kukatika jioni na huna betri ya akiba, jenga kwa vipande: FARP na magari, hifadhi kiolezo, mahema, hifadhi kingine, makontena na malori, kingine. Ukikatika katikati umepoteza kipande kimoja, na vipande vyenyewe vinapakiwa pamoja bila tatizo, mradi kila kimoja umekipakia mara moja.

Na kama unachotaka ni uwanja mmoja uliopambwa vizuri wenye misheni tofauti kila siku, changanya: uwanja uwe kiolezo, kambi za porini ziwe skripti, na vyote viwili viingie kwenye misheni mama yenye hali ya hewa na masafa yako ya kawaida. Pakia kiolezo kwanza, hesabu vitu, kisha ndipo uweke maduara ya skripti, ili duara lisiangukie juu ya kontena ambalo ulikuwa bado hujaliona.